Mama Akikubali

Soko la Kavuti, Kitui
4 Mei 2024

Mama yangu Mbula,

Habari za Mtito Andei? Wateja wanakula? Mimi niko, kikohozi tu ndicho kimekataa kuhama. Masikio hayashiki simu tena, kwa hivyo Ahmednasir, dereva wa lori la mbuzi, atakuletea hii. Bado analala hapa kila akipita.

Jana watu wa makaa ya mawe waliita baraza. Mgodi unafika mpaka kwetu, lojing yetu ya wageni itabomolewa. Susu yako, yaani mama yangu, aliianza na vyumba viwili vya udongo, akiwalaza wachuuzi wa ng'ombe kutoka Garissa huku yeye akilala jikoni. Siku hizi wachimbaji wa kampuni ndio wamejaza vyumba. Asubuhi wanakula chapati zangu, mchana wanapaka ukuta wangu alama nyekundu!

Nilisimama nikasema, "Siweki sahihi mpaka Mama akubali." Karani wao, kijana mgeni, akauliza Mama yuko wapi. Watu wakamwonyesha kaburi nyuma ya jikoni. Akasema, "Mzee, marehemu hawezi kupinga." Walicheka mpaka chifu akamweleza kwamba wewe umepewa jina la mama yangu, kwa hivyo ndiwe Mama. Karani ametupa mpaka Ijumaa, neno lako liandikwe. Usiniangushe. Andika hapana.

Baba yako,
Kaloki

Mtito Andei
7 Mei 2024

Baba mpendwa,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ila kikohozi hicho kinaniogopesha. Ahmednasir anasema unatema vumbi. Usimgombeze.

Baba, umenikasirisha. Ukitaka kukataa, kataa kwa mdomo wako. Jambo likiwa gumu ndipo mimi ni Mama. Nilipokuletea mchumba ukamfukuza, mbona siku hiyo sikuwa Mama? Basi umeniuliza, nami najibu: kubali. Uza, uje tukae wote. Siwezi kukuzika kwa ajili ya vyumba.

Binti yako,
Mbula

Mtito Andei
9 Mei 2024

Baba,

Umeamkaje? Mimi vibaya. Usimpe karani ile barua! Leo nikikanda unga nilimkumbuka susu akinifunza pale jikoni, nikalia mbele ya wateja. Niliandika kwa hasira. Sikubali, umesikia? Sikubali. Chifu nimempigia, hapatikani. Mvua imeharibu barabara lakini Ahmednasir anajaribu kupita. Tafadhali, ngoja.

Binti yako,
Mbula

Soko la Kavuti
11 Mei 2024

Mama,

Pole kwa mvua. Sisi hapa tumelowa lakini tuko wazima.

Barua yako ya pili imefika asubuhi hii. Ahmednasir alikwama mtoni kutwa nzima. Ile ya kwanza niliisoma jana mbele ya karani. Chifu alinivuta kando akaninong'oneza, "Kaloki, si uichane tu useme amekataa?" Sikuweza. Nilishasema mbele ya watu kwamba neno ni la Mama, na maisha yangu yote mama yangu hajanituma nikakaidi. Nikaweka sahihi. Nina uchungu, sitakuficha, lakini si juu yako.

Jumatano wanafukua kaburi, tumpeleke Mbooni kwa ndugu zake. Karani anasema kabla ya kuchimba ataita jina la marehemu. Njoo, hata kama ni kwa miguu. Sitaki aite Mbula kukose mtu wa kuitika.

Mwanao,
Kaloki