Mahali pa Maneno

Buyenzi, Bujumbura

Kaka yangu Sami,

Assalamu alaykum. Hujambo huko Kigoma? Wifi yangu Joëlla naye hajambo? Sisi tungejibu hatujambo, kama ada, lakini safari hii nitakuwa mwongo.

Baba anaumwa tangu kabla ya Ramadhani. Ana uvimbe ndani ya ubongo. Alitukataza kukueleza, akisema hataki uje kwa huruma, uje kwa kupenda. Tangu aliposusia harusi yenu kwa sababu ya dini ya mkeo, alikuwa akingoja uanze wewe. Nilimtania kwamba kwa kichwa kigumu vile daktari atahitaji tindo, akacheka.

Daktari Rénovat alituonyesha ubongo wake kwenye kompyuta. Wakati wa upasuaji, alisema, akigusa mahali kwa kifaa chake, skrini humwonyesha papo hapo amefika wapi, kama dereva anayefuata ramani ya simu. Uvimbe ulionekana mwekundu, umekumbatiana na mahali pa maneno. Akiutoa wote, Baba huenda akaishi miaka, ila huenda asiseme tena. Akiishia mpakani, kipande kitabaki, nacho kitakua.

Mama alilia, akamsihi Baba akubali utolewe wote. Baba akamgeukia daktari: "Apo pa maneno usiguse. Mi niko na neno ya kumwambia mutoto wangu."

Mashine haikukosea. Daktari aliishia pale pale alipoombwa, na Baba alizinduka akiulizia chai. Tulimwomba akupe radhi kwa simu. Akakataa, eti radhi ya mzazi haitumwi kama mzigo, hutolewa kwa mdomo, mtoto akiwa mbele. Kila boti ya Kigoma ilipotia nanga alimtuma jirani yetu Hamissi bandarini akatazame. Idi ikapita. Nilimkasirikia, na wewe nikakukasirikia.

Kipande kimekua, Sami. Maneno yalimtoka moja moja, sasa hana hata moja. Daktari anasema hatakaa sana. Roho inaniuma, ndiyo maana leo navunja katazo lake. Bado anasikia. Njoo useme wewe.

Liko jambo nililosita kukuandikia. Miaka yote hii mkeo kwake alikuwa "yule Mkristo" tu. Neno la mwisho tulilolielewa kinywani mwake halikuwa jina lako, wala la Mama. Alisema "Joëlla", akatazama mlangoni, akangoja aingie.

Mama anawasalimu nyote wawili. Njooni pamoja.

Dada yako akupendaye,
Nura