Baba wa Humu Ndani

Jumatatu, 3 Machi

Saa sita mchana, sauti imekwisha. Tangu madaktari waniondoe zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, naziba tundu la shingoni kwa kidole gumba ndipo neno litoke – zito, la kiume. Na kila anayeleta nguo kushonwa lazima tusalimiane! Habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto... Tukifika kwenye gauni lenyewe, sina kitu. Leo bei nimeonyesha kwa vidole. Aibu.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya ujinga. Simu imeita nikiwa kwenye cherehani, nikapokea bila kutazama. Mama mkwe wa binti yangu! Hatujaonana tangu harusi, habari za upasuaji hana. Nikasema haloo.

"Habari za leo, baba. Mama yupo?"

Ningesema ni mimi. Nikasema, "Hayupo."

Akaniomba nimfikishie salamu. Nikaitikia, zitafika. Mjane mimi, nimejigeuza mume wangu mwenyewe. Uso unaniwaka mpaka sasa.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu kapiga, hajui acheke au alie. Mkwe kamuuliza: kumbe mama yako kaolewa, mbona hatukualikwa? Jumapili anakuja naye. Nimemwomba amweleze kabla hawajafika. Kasema, sawa mama, nitamwambia njiani.

Kesho na keshokutwa sishoni. Natunza sauti.

Jumapili, 9 Machi

Jana sikusema na mtu. Jirani kadhani nimemnunia.

Asubuhi nikajaribu mbele ya kioo: karibuni sana, mkwe wangu na mwanangu. Ikatoka safi! Nikarudia. Nikaongeza poleni na safari, na za huko mtokako, na mimi ndiye niliyepokea simu, nisameheni. Nikarudia yote – mpumbavu mimi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sasa nikiziba tundu hutoka pumzi tu. Nimekaa sebuleni, naandika, labda itarudi.

Gari limesimama nje.

Hodi. Nimesukuma kwa nguvu zote. Hewa.

Hodi tena. Mlango huu hapa, nami naandika. Nifungue, nisimame kama gogo mbele ya mkwe? Binti yangu anasema labda mama yuko jikoni.

Sasa mkwe, kwa adabu zake zote: "Baba wa humu ndani, hodi. Tumekuja kumwona mama."

Binti yangu anagonga tena.

Hajamwambia. Safari yote hiyo, na koo zima analo –