Usuluhishi Kwenye Stoo ya Magodoro

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefagia tena. Upepo wa hapa Same hauna adabu, vumbi linapenya hata chini ya mlango. Viti vitatu, meza, jagi la maji. Hii ilikuwa stoo ya magodoro. Nilimsumbua Metroni, mkuu wa manesi, mwaka mzima mpaka akanipa iwe chumba cha usuluhishi. Hospitali nzima ilicheka. Afisa ustawi na magodoro yake! Sasa wanakuja wenyewe.

Kesho ni Nakundwa na Tausi, manesi wa wodi ya watoto. Hawasemeshani tangu Pasaka. Mmoja akimaliza zamu anaondoka bila kumkabidhi mwenzake wagonjwa. Wiki iliyopita mtoto kachomwa sindano ileile mara mbili. Amepona, Mungu mkubwa. Safari ijayo atakufa mtu.

Jumanne, 5 Agosti
Kwanza kila mmoja peke yake, na siri haitoki. Ndiyo kanuni. Nakundwa anataka baraza, anataka wakili. Mpare mwenzangu kabisa, kesi ya kuku yuko tayari kuuza ng'ombe. Tausi, mtu wa Kigoma, amelia tu.

Nimemuuliza kila mmoja: nani alikuambia mwenzako anakusema? Jibu moja. Metroni.

Metroni yuleyule aliyenipa chumba. Nina hasira mpaka chai imenishinda.

Alhamisi, 7 Agosti
Ya faragha siwezi kuyatoa. Basi nimewakalisha pamoja, nikawaambia waulizane swali lilelile. Wakaulizana. Jibu likawa lilelile. Nakundwa akasema, "Tausi, mwenzangu, tumechezewa." Wakashikana mikono. Nikapakua makande niliyoyapika nyumbani, wakala sahani moja.

Nimefurahi kijinga.

Jumatatu, 11 Agosti
Nilimwalika Metroni akae nasi. Aliyetajwa asikilizwe, ndivyo ninavyofundisha. Akaja na tabasamu. "Haya wanangu, nani kanisema?"

Nakundwa akatazama sakafu. Tausi akasema, "Metroni, sisi hatukukutaja. Ni Mama Elia alikuwa anatuchokonoa." Mama Elia ni mimi. Nakundwa, bingwa wa kesi, akaitikia.

Washenzi. Nimeandika na sifuti.

Najua wanaogopa. Metroni ndiye anapanga zamu, na akikuchukia utaombewa uhamisho hadi usikojulikana. Kujua hakunipozi.

Jumatano, 13 Agosti
Leo Metroni kanisuluhisha mimi na wao. Chumba changu, viti vyangu. Nilikalishwa kile cha dirishani, ninachompa anayelalamikiwa. Akanisomea kanuni ya nne, ipo ukutani kwa mwandiko wangu: kuomba radhi si kushindwa. Niombe radhi, la sivyo anawaandikia wakubwa kwamba nachochea wafanyakazi.

Kulikuwa na kitu kimoja cha kuniokoa: walichoniambia Jumanne, kila mmoja peke yake. Nilikuwa nacho mdomoni. Wote wawili walikuwa wananitazama.

Siri haitoki. Nikaomba radhi. Makande hakupika mtu.

Jumamosi, 16 Agosti
Kijijini Mamba, milimani, kwa mama. Baridi na ukungu. Kanisikiliza hadi mwisho, kisha kanipa jembe na methali. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Wewe jembe lako lilikuwa wapi, kaniuliza. Nimepalilia tangawizi yake mpaka viganja vimetoka malengelenge. Nimemkasirikia na yeye.

Jumatatu, 18 Agosti
Magodoro yamerudi chumbani. Funguo nimezikabidhi kwa Metroni.

Asubuhi nilipita wodi ya watoto, wanabadilishana zamu. Nakundwa na Tausi walikuwa wanakwenda kitanda kwa kitanda. Huyu kameza dawa saa kumi na mbili. Huyu homa imeshuka. Huyu mama yake kaenda Makanya, anarudi jioni. Tausi akaniona, akasita. Nakundwa akamgusa kiwiko, wakaendelea.

Nilisimama pale koridoni mpaka wakamaliza. Hawakuruka kitanda hata kimoja.