Jumamosi Niliyokuacha na Mpira Wako

Baba Neema,

Nimezipenda mbio za magari. Afadhali niliseme hilo kwanza, maana nikianza na habari za nyumba nitazungukazunguka hadi karatasi iishe, na hili libaki moyoni.

Ndizo zile zile ulizokuwa ukizicheka. Kila tulipopita ule uwanja mkubwa kaskazini mwa Fort Worth, ulipunguza mwendo ukaniambia, "Mama Neema, hebu nieleze. Watu wazima wanakaa juani kutwa nzima kuangalia magari yakipinda kushoto. Kushoto, kushoto, kushoto. Raha iko wapi hapo? Mpira una akili bwana." Nami nilikubali. Kila ulichosema kuhusu mpira nilikubali.

Tangu siku ile ulipoanguka ghalani kazini kwako na usiinuke tena, Neema amezishika Jumamosi zako kama ibada. Mtoto wetu ambaye shule inamshinda kuamkia, Jumamosi anaamka kabla ya jua, kwa sababu mechi za Uingereza zinachezwa huku Texas bado tumelala. Anapika chai. Anapasha mandazi. Anatandika jezi yako kwenye kochi, upande wako, halafu anakuja mlangoni kwangu: "Mum, wanaanza." Naenda, nakaa. Goli likiingia nangoja kidogo kwanza nione kama anashangilia au anashika kichwa, ndipo nami nijue la kufanya.

Sijawahi kuupenda mpira, Baba Neema. Nilipenda kukutazama wewe ukiutazama. Ulivyomgombeza refa kama shemeji yako. Ulivyonishika goti kona ikipigwa. Ulivyonieleza ofsaidi kwa kupanga vikombe mezani, na mimi nikaitikia "ahaa" ile ile kila mwaka. Ulipoondoka, pale kwenye skrini wamebaki tu vijana nisiowajua wakikimbizana kwenye majani. Lakini ningemwambiaje Neema? Angeniuliza miaka yote ile nilikuwa nafanya nini pale.

Darlene unamkumbuka, muuguzi mwenzangu wa nyumba ya wazee, yule aliyekuja kwenye maombi yako na keki kubwa kuliko meza. Siku moja baada ya shifti alinikuta nimekaa ndani ya gari langu, sijawasha, siendi popote. Hakuniuliza naendeleaje. Alisema kaka yake anashindana mbio za magari Jumapili mchana kwenye uwanja mdogo nje ya mji, twende. Nikaenda kwa adabu tu.

Ile kelele! Niliziba masikio na bado niliisikia kwenye meno. Magari yenyewe kwa umbo ni ya kawaida, kama ya jirani, ila ndani yamevuliwa kila kitu, yakaachiwa kiti kimoja na mabomba ya chuma, na ubavuni yamebondekabondeka kama sufuria za hotelini. Kaka yake Darlene alianzia nyuma kabisa. Nikaanza kumfuata kwa macho, na nikaona kumbe si kuzunguka tu. Anamkaribia wa mbele hadi unadhani watagusana, anakaa pale pale, anamvumilia, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka yule anateleza kidogo kwenye kona, na hapo anaingia. Nilielewa mwenyewe, bila mtu kunieleza. Nilisimama. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakwama, na hakuna aliyegeuka kunitazama, kwa sababu hakuna aliyesikia. Mpira wenu unaweza kuutazama mpaka mwisho na wasifungane hata goli moja. Hapa kila kona ilikuwa na lake. Alipomaliza wa tatu nilimkumbatia mama mmoja nisiyemjua hata jina.

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari ndipo nilipotambua. Mchana ule wote sikuwa nimekuwaza. Hata kidogo. Nilisimama pale pale. Darlene alifikiri ni jua, akanipa maji.

Nyumbani nilikimbilia bafuni kuosha nywele, zilikuwa zinanuka mpira wa tairi ulioungua. Neema aliuliza nilikuwa wapi. "Kazini. Walinibakisha." Ulitoka mdomoni laini kabisa, ule uongo. Nikaenda tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kila mara nilijiambia naenda mara ya mwisho. Nilikuwa kama mtu mwenye mwanamume mwingine, nakuapia, na kila nikirudi nilikuwa natazama jezi yako kwenye kochi halafu natazama chini.

Kisha ikaja Jumamosi ya mechi na wale mahasimu wenu wa buluu, wale ambao kwa ajili yao ulikataa tusipake sebule rangi niliyoitaka. Neema aliisubiri wiki nzima. Alinunua hata maua, sijui kwa nini maua. Ijumaa Darlene akaniambia kaka yake amepata nafasi ya kushindana huko karibu na Houston, na ni lazima tuondoke alfajiri. Baba Neema, nilikuwa na usiku mzima wa kuchagua. Asubuhi nilivaa sare zangu za kazi, nikambusu mtoto kwenye paji, nikamwambia nimeitwa, muuguzi mmoja hajafika. Alisema, "Sawa, Mum. Nitakwambia matokeo."

Nilibadilisha nguo kwenye choo cha kituo cha mafuta.

Tulikuwa tumeshakaa kwenye viti, magari yanapasha moto injini, simu ikatetemeka. Ni ujumbe wake: "Niko kazini kwako. Nimekuletea chai na mandazi. Wanasema leo huna shifti." Alikuwa amechukua gari lako, yeye mwenye leseni ya juzi, akapita barabara kuu zile zote ili mama yake asikose mandazi. Nilimpigia. Akapokea, na wakati ule ule magari yakaanza kutembea.

"Mum? Hiyo kelele ni nini? Mum, uko wapi?"

Nilisema jina lake, sijui kama alisikia. Akakata. Nikapiga tena na tena, hakushika. Unajua mawazo yangu yalikwenda wapi: mtoto analia, yuko kwenye usukani, na malori yale yanayokwenda uwanja wa ndege hayana huruma. Simu ya mwisho ya kunitisha hivyo ilikuwa ile ya kunipa habari zako. Darlene aliniangalia usoni mara moja tu, akachukua funguo. Zamu ya kaka yake hata haikuwa imefika. Njia nzima ya kurudi nyumbani Euless alikuwa ananiendesha, na mimi namwomba Mungu kwa sauti kama mtoto mdogo.

Nilimkuta Neema kwenye kochi, upande wako, jezi ameivaa juu ya nguo zake. Televisheni imezimwa. Mandazi kwenye mfuko wa karatasi, hayajaguswa.

Nikamwambia yote. Sikujitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kiingereza chake kile cha hasira, kwamba kwani nimekuwa nikijifanya naupenda mpira? Hata na Dad?

Nikasema ndiyo.

Alilia, nikalia. Kisha akapangusa pua kwa mkono wa jezi yako, akarudi kwenye Kiswahili, chako hasa, na lafudhi yako: "Dad alikuwa anajua. Aliniambia, mama yako hata hajui goli letu ni lipi. Lakini akitoka kwenda jikoni, mechi inakosa ladha."

Ulijua! Na ulinyamaza, ukaendelea kupanga vikombe vyako. Nimekaa na maneno hayo wiki nyingi sasa. Kuna saa yananifariji. Saa nyingine nakukasirikia: kama ulijua, mbona hukuniuliza ninachokipenda mimi? Halafu najikumbusha kwamba sikuwahi kukwambia. Sikujua mwenyewe. Ilibidi ufe ndipo nijue, na hilo ndilo linalonilaza macho wazi. Raha yangu hii imeota mahali ulipotoka wewe. Ningeirudisha leo hii, na kelele zake zote, ukaja ukanishika goti kona ikipigwa. Lakini hakuna anayeniuliza kama nataka kubadilishana.

Neema nilimpeleka uwanjani mara moja. Alikaa na vizibo masikioni akinitazama mimi kuliko magari, mwisho akatamka kwamba mpira ni mzuri zaidi, na kwamba ninapiga kelele kama wewe. Tulibishana njia nzima. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kubishana bila kuumizana tangu mazishi.

Jumamosi sasa nampeleka Arlington kwa familia moja ya kanisani, nyumba iliyojaa watu wanaojua mpira kweli na wanaomgombeza refa inavyostahili. Anarudi amepoteza sauti, ana furaha. Sebule yetu asubuhi hizo iko kimya, upande wako hakuna mtu. Hapo sijui kukuomba msamaha vipi. Nimeliacha kochi lako peke yake, na mimi nikishamfikisha narudi kulala hadi jua linaingia dirishani, na ninapata usingizi.

Pumzika, mume wangu. Ahadi niliyo nayo ni ndogo. Siku nitakazokusahau zitakuja, naziona zinavyokuja, moja baada ya nyingine. Sitakuficha hata moja. Nitakuja kaburini nikwambie: leo mchana sikukuwaza, nilikuwa nacheka. Nawe unilaumu kama utaweza.

Mama Neema wako