Mafuta ya Magoti ya Mama

Jumamosi, 4 Januari
Nakoroga tangu saa mbili asubuhi. Mafuta ya ufuta, maji ya mizizi niliyoichemsha jana, rojo la manjano na tangawizi. Moto mdogo. Tabibu wa Kihindi wa mtaa wa Hamriya kaniandikia yote kwenye karatasi. Anauza yaliyo tayari, lakini Mama hataki. Anasema hamjui aliyeyapika. Mimi mfamasia, na siku ya mapumziko nimegeuka mganga. Siyaamini. Nakoroga tu.

Mama anataka kitu kimoja: kusali sakafuni. Tangu Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, anasali kwenye kiti. "Nnasujudu hewani," anasema.

Alasiri nilisokota rojo kidogo kama utambi, nikauwasha. Ukatatarika. Maji bado yamo.

Jumapili, 5 Januari
Nimetoka kazini, nikapika tena. Utambi umewaka kimya. Yameiva. Nikachuja.

Mama kanusa. "Dawa gani hii hainukii? Tia karafuu, mwanangu."

Kwetu karafuu ni ya jino, ya tumbo, ya chai, ya kila kitu. Mafuta yake yamo kabatini, khalati, dada yake Mama, kaleta kutoka Pemba. Tabibu hakuyaandika. Ukali wake naujua. Nimetia vijiko viwili ili tusibishane. Mama karidhika, nikamkanda.

Jumatatu, 6 Januari
Malengelenge. Magoti yote mawili.

Kosa langu. Mteja angenijia dirishani na upuuzi huu ningemsema mpaka akome. Mama ananitetea, eti yeye ndiye aliyeniamrisha. Bora angenigombeza.

Jumatano, 8 Januari
Tabibu hakukasirika. Kasema ngozi ipone kwanza. Kaniuliza kwa nini nimetia karafuu. Mtu asiyemjua Mama hawezi kuelewa.

Kukunja goti hawezi. Anasali kitandani, miguu kanyoosha. Nimemnyang'anya hata kiti. Naona haya.

Jumamosi, 18 Januari
Ngozi imepona. Mafuta ya kwanza nimeyamwaga. Nimepika upya kama karatasi inavyosema. Utambi nimeujaribu mara tatu. Mama kanusa, kafunua magoti.

Jumamosi, 25 Januari
Kila siku baada ya alasiri. Napasha mafuta, namkanda nusu saa, namfunga taulo ya moto. Magoti yake na yangu ni yale yale, hata kile kifupa cha pembeni.

Jana kashuka ngazi bila kunishika. Huenda ni kukandwa tu. Sijamwambia.

Ijumaa, 7 Februari
Nilimkanda mapema leo, nikaenda Azaiba kununua samaki. Nimerudi, Mama kalala usingizi. Kiti chake kimesukumwa ukutani, kina nguo za kupiga pasi.

Msala wake umetandikwa sakafuni, haukukunjwa. Una madoa mawili ya mafuta, mahali pa magoti.

Sijui aliinukaje peke yake. Nimeukunja, nimeurudisha mahali pake. Sitaufua.