Nzi wa Maembe, Kumsenga

Jumamosi, 14 Septemba 2024
Leo nimetundika mitego kwenye miembe. Chupa za maji zilizotobolewa, ndani pamba yenye dawa ya kuvutia nzi dume. Hilali wa duka la pembejeo Kibondo kanieleza: anza kiangazi, wakiwa wachache. Mvua zikishika, umechelewa. Mume wangu Tharsisi kacheka. Mwaka jana maembe yalijaa funza, na kashasema: yakiharibika tena anakata miembe, anachoma mkaa, anapanda mahindi. Miembe ya marehemu baba! Nilipanda ngazi tu.

Jumanne, 22 Oktoba
Mvua imekolea. Kiangazi nilikuta nzi wawili watatu chupani. Leo wamejaa tabaka zima, rangi ya asali. Nimeogopa. Halafu nikawaza — hawa angalau wamekufa.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimejua wanakotoka! Chupa za upande wa jirani, mzee Kipriani, ndizo zinajaa zaidi. Maembe yake yameanguka, yanaoza chini, funza wanaingia ardhini wanatoka nzi. Nimemwomba ayafukie. Akasema nzi ana mabawa, hata akifukia watakuja wengine toka Burundi. Nimerudi nimenuna. Tharsisi anasema nimwache mzee wa watu.

Jumapili, 10 Novemba
Baada ya ibada nimeenda na viroba vyangu. Bila kuomba ruhusa nikaanza kuokota. Kipriani akatoka — nikajua sasa nafukuzwa. Akasimama. "Mwanangu, mgongo haukubali tena kuinama. Niliona haya kusema." Jamani! Na mimi nilimwita mkaidi. Akaleta kigoda, akawa ananishikia midomo ya viroba. Tumevifunga, tumeviacha juani funza wafie humo. Tharsisi kaja kunitafuta. Kaokota naye.

Jumatano, 4 Desemba
Mwanaheri, mnunuzi wa Kasulu, amefika. Anapasua kabla ya kununua. La kwanza safi. La pili safi! La tatu — funza. Nikangoja Tharsisi aseme "nilikwambia". Wapi! Kaenda mwenyewe hadi mwembe wetu wa mpakani na Kipriani, kachuma moja kubwa. "Pasua na hili, dada."
Mimi nimekimbilia ndani, eti nachemsha chai. Siwezi kutazama. Bado wako uani. Mwanaheri anaomba kisu kikali zaidi. Sasa kapasua. Tharsisi anaita — "Mama Ange! Toka uone — safi hadi kokwa!"