Masizi ya Kioo

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mashine imefika. Imetoka Kasongo hadi hapa Kabambare juu ya pikipiki, imefungwa ndani ya godoro. Wagonjwa wetu wakiletwa hawafungiwi godoro. Fundi Zacharie ameifunga ukutani kwenye chumba cha kuzalia, kati ya tanki na robine ya maji, akageuza pikipiki jioni hiyohiyo.

Kazi yake: kupasha maji moto. Kazi yangu pia — tangu Pitchou wangu ananyonya, na sasa Pitchou ana ndevu. Kila mtoto aliyezaliwa hapa ameoshwa kwa maji ya sufuria yangu, kutoka kwenye mafiga yangu nyuma ya ukuta.

Titulaire Gédéon, mkubwa wa kituo, amenipa mkono. Kasema sasa nitapumzika. Padri hulisema neno hilo vilevile, kaburini.

Jumatano, 11 Septemba

Nimekwenda kuitazama. Anayenitoa mahali pangu lazima nimjue uso.

Bomba la kioo tu, nene kama mkono wa mtoto. Wanasema ni quartz, kioo ambacho moto haukipasui. Ndani hakuna waya. Nje kuna rangi ya kijivu, kama moshi umepita hapo. Nikafurahi kidogo: kumbe na yenyewe ina masizi.

Nikafungua robine, nikaweka mkono. Moto kweli. Hakuna jivu, hakuna kupuliza, hakuna machozi. Ingekuwa mbaya ningeisamehe.

Kahindo, mke wa mfanyabiashara wa dhahabu wa Salamabila, amejifungua leo asubuhi. Alipomaliza kuoga akaniita: "Mama Pitchou, leo maji hayanuki moshi." Alitaka kunifurahisha.

Jumamosi, 14 Septemba

Wageni wa mradi ulioleta mashine watakuja Jumanne. Wakiridhika wataleta mashine nyingine, ya upande wa watoto. Hapo mafiga yatang'olewa, na mahali pake patajengwa choo cha wageni. Titulaire ameniambia mwenyewe, kwa upole. Nikauliza, na mimi?

"Tutaona, Mama."

Nimepewa "tutaona" nyingi katika maisha. Kuona, bado.

Ameamuru kila kitu king'ae. Laura, anayefagia kituo, ameanza na vitanda. Huyu mwanamke akikamata kitambaa, hata nzi wanahama.

Jumapili, 15 Septemba

Kutoka misa nimepita kituoni. Nimemkuta Laura amepanda juu ya kiti, amezima umeme kwanza — si mjinga — anasugua lile bomba. Mchanga laini wa mtoni, nusu ya limau, na jivu. Jivu langu.

"Hii kitu iko na masizi, Mama Pitchou. Wageni watasema hapa hapana wanawake."

Kweli. Hata mimi nililelewa hivyo. Sufuria ikionekana nyeusi mgongoni, jirani anajua habari zako zote. Nikamwambia asisahau upande wa nyuma.

Alipomaliza, bomba liling'aa mpaka unaona ukuta kwa upande wa pili. Titulaire alimsifu mbele ya watu wote. Mimi hajanisifu tangu Pitchou aote meno.

Jumatatu, 16 Septemba

Maji ni baridi.

Titulaire amewasha, amezima, amewasha. Mwisho akampigia Zacharie simu, spika wazi, na sisi tukasikia yote.

Zacharie aliuliza bomba liko na rangi gani.

"Liko safi."

"Safi namna gani, Papa?"

"Safi. Unaona ukuta."

Kisha Zacharie akaeleza polepole, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Ile rangi ya kijivu ndiyo mashine. Imepakwa huko ilikotengenezwa, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Umeme unapita humo, rangi inapata moto, inakipasha kioo, na maji yanapita ndani bila kugusana na umeme. Kioo peke yake hakipashi kitu.

"Mumesugua moto, Papa. Mumebakiza chupa."

Laura akalia. Titulaire hakumgombeza, angemgombezaje, na jana alimsifu? Mimi nikaenda nyuma ya ukuta kucheka. Kicheko kilikuwa kizuri, ila hakikudumu. Titulaire alinifuata.

"Mama yangu," akasema. Nikajua kuna kazi.

Anataka kesho nipashe maji, niyamimine kwenye bidoni, dumu la plastiki, juu ya ukuta. Mpira wa maji utapita dirishani mpaka nyuma ya mashine. Mgeni atafungua robine, atapata moto. Basi.

Nikauliza: na wakiridhika? Wataleta bomba jipya na ile mashine ya pili. Na mafiga? Akatazama viatu vyake.

"Laura iko na watoto, Mama. Wageni wakikuta maji baridi, watauliza nani aliharibu."

Viatu vyake, navyo, viling'aa.

Jumanne, 17 Septemba

Kuni zimelowa kwa mvua ya jana. Nimepuliza mpaka kichwa kinazunguka. Naandika nimekaa hapahapa kwenye mafiga, kitabu juu ya goti.

Nikimimina, napikia choo cha wageni. Nikiacha, Laura anarudi kwao na watoto wake.

Wameingia. Titulaire anaeleza: hakuna waya ndani, hakuna makaa, hakuna moshi. Mgeni mmoja anakohoa. Titulaire anasema ni majirani.

Robine imefunguliwa. Nasikia mpira unavuta, maji ya bidoni yanashuka. Sauti ya mwanamke: ni moto kweli, anauliza kama anaweza kunawa mikono yote miwili mpaka kiwiko.

Laura yuko pembeni ya ukuta. Ananitazama.

Maji ya bidoni yamebaki chini kabisa. Titulaire anagonga ukuta, kama tulivyopatana: ongeza. Kwenye sufuria maji yanachemka vizuri, kuliko siku zote.

Anagonga tena.